Mume anavuna paina ambayo haijakomaa, Fuso kahamishia kwa mdogo wake. Talaka ikija nitagawana nini, visiki?

MkeWaMufindi (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa nyuma ya jiko, wateja wa mchana wameondoka, mtanivumilia nikirukaruka.

Niliolewa 2010, ndoa ya kanisani. Tuko Mafinga. Mwenzangu alikuwa fundi seremala, mimi nauza chakula pale wanapopakia mbao. Mwaka 2012 tulianza kununua mashamba na kupanda paina, leo ekari mbili, baada ya mwaka ekari tatu, mpaka tukafika ekari nane, vipande vitatu. Karatasi zote za mauziano zina jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa anakwenda kwa mtendaji, mimi niko na sufuria. Miche nilinunua mimi mara mbili. Vibarua wa kupalilia na kusafisha barabara za moto kabla ya kiangazi nimewalipa mimi miaka yote. Risiti sina. Nani anamdai kibarua risiti?

Mwaka jana akapata mtu Makambako. Hapo sitaandika mengi. Mwaka huu akaanza habari za talaka, na mwezi huohuo watu sokoni wakaanza kunipongeza kwamba "mmeanza kuvuna". Kuvuna nini? Jumapili alfajiri nikachukua bodaboda mpaka kipande cha juu. Nimekuta visiki vitupu. Ulimbo bado unachuruzika, maganda na vumbi la mbao limelala chini bichi kabisa, na alama za matairi ya lori zimeingia mpaka katikati ya shamba. Nikachuchumaa nikahesabu duara za kisiki kimoja. Kumi na mbili. Wenye subira wanangoja kumi na minane mpaka ishirini na zaidi, yeye kaangusha miti ambayo haitoi hata ubao wa maana.

Fuso tuliyonunua 2019 imebadilishwa jina, iko kwa mdogo wake. Nikiuliza naambiwa ilikuwa yake tangu zamani. Nyumba tunayoishi ina hati, jina la mume.

Maswali mawili. La kwanza: miti ikishakuwa mbao na mbao zikishafika Dar, hakimu atanigawia nini? La pili: nina mashine ya kusaga niliyonunua kwa hela ya kikoba, jina langu. Rafiki yangu anasema niihamishe haraka kwa dada yangu Iringa kabla mume hajaikumbuka. Nihamishe?

KijanaWaSoweto

Hamisha jana. Dawa ya moto ni moto.

BodaUyole

Pole sana dada. Nimeweka kambi hapa, na mimi nina yangu yanakuja.

MwanaumeKamili

Mnaolewa mkiwa na begi moja, mkiondoka mnataka kugawana mpaka miti. Kwa mila zetu mke akiachika anaondoka na nguo zake. Aliyeenda kwa mtendaji ndiye mwenye shamba.

MzeeKarani

Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Binti, usihamishe kitu. Nitarudi kwenye hilo la mashine, kwanza la miti.

Nimestaafu ukarani wa mahakama. Niko Tukuyu na migomba yangu sasa hivi, lakini nimefungua majalada ya ndoa na kuita kesi mlangoni tangu enzi za taipureta. Hili la mume kuuza kabla ya talaka nimeliona kwa ng'ombe, kwa mpunga, kwa kahawa, hadi kwa mabati ya nyumba yaliyong'olewa usiku. Miti ni yaleyale.

Kijana anayezungumzia mila, mila imetajwa kwenye sheria, hujakosea. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamwambia hakimu aangalie mambo manne: mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa faida yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayaangalia hayo, mizani ielekee usawa. Mila ni moja kati ya manne, na sijawahi kumwona hakimu akiifanya ile moja iyameze matatu.

Na jina kwenye karatasi? Sheria inaanza kwa kudhani kuwa mwenye jina ndiye mwenye mali. Dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Huyu mama alilipa vibarua, alinunua miche, amelisha watoto. Hiyo ni kazi na ni mchango.

Sasa sikilizeni ya Bi Hawa. Kila anayepita kwenye korido za mahakama amelisikia hilo jina. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, Jaji Mkuu Nyalali. Ndipo iliposemwa kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Wanawake wengi wamepata haki kwa sababu ya hukumu hiyo. Lakini watu wanaishia hapo, hawasomi mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za mradi wa familia akazitapanya, na kutapanya kule kukapimwa dhidi ya mchango wake wa nyumbani, kukaufuta.

Umeona ilivyo? Kufuja mali kunahesabiwa. Fimbo ile iliyompiga Bi Hawa haina jinsia. Mume anayeangusha paina ya miaka kumi na mbili ili asigawane na mkewe anaweza kuchapwa nayo.

MkeWaMufindi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Ila nitathibitishaje kwamba ameuza? Yeye atasema moto uliunguza.

DerevaWaNyanda

Hapo niachie mimi mzee, hiyo ndiyo kazi yangu.

Dada, mbao hazitembei bila karatasi. Mimi napakia Mafinga na Njombe mwaka wa tisa huu. Shambani kuna mwenye dingidongi, ile mashine ya kuchania mbao, anajua alichana shamba la nani na alilipwa na nani, na mara nyingi ana daftari maana analipwa kwa idadi ya mbao. Ukitoka pale kuna kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, kuna ushuru wa halmashauri, na getini wanaandika gari, mzigo, unakotoka, unakokwenda. Anayesema moto umeunguza aeleze kwa nini kuna stakabadhi ya ushuru yenye jina lake tarehe zilezile.

Na moto si jambo la siri huku. Moto ukiingia shamba la paina kijiji kizima kinakwenda na matawi kuuzima. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kama alikwenda.

Piga picha visiki leo, sio kesho. Ulimbo ukikauka na nyasi zikiota atasema alivuna miaka mitatu iliyopita mkiwa mnapendana, na hela mlikula wote.

BodaUyole

Huyu dereva apewe soda.

MzeeKarani

Apewe mbili. Amesema jambo ambalo wadai wengi hawalijui. Mahakama haitoki kwenda kutafuta mali. Watu wanakuja na kauli "ana mali nyingi", "ana hela benki", halafu wanakaa. Mali gani, iko wapi, ilipatikana lini, nani shahidi? Ukishindwa kujibu, hakimu hawezi kugawa hewa, na mwenzako anatoka anacheka. Kwenye kesi ya Gabriel Nimrod Kurwijila na Theresia Hassani Malongo, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Nusu kwa nusu haiji yenyewe kama mvua ya Rungwe.

Andika mashamba yako moja moja: kijiji, kitongoji, unapakana na nani kila upande, mlinunua kwa nani. Waliowauzia wako hai? Waende kusema mama huyu alikuwepo siku hela inahesabiwa. Vibarua wako, hata wawili tu wanaokumbuka kulipwa na mkono wako, ni ushahidi bora kuliko risiti ya kutengeneza.

MpungaUbaruku

Mnamzungumzia mume tu. Mimi ni mwanaume, na mimi ndiye niliyefichwa.

Nilikuwa nalima mpunga huku Mbarali, mke anasimamia ghala na mauzo kwa sababu hesabu anazijua kuliko mimi. Sikuwahi kushika daftari. Kumbe kila msimu anatoa gunia kadhaa pembeni, na kwa miaka sita amenunua viwanja viwili vya mji, vyote jina la mama yake. Nilipokwenda mahakamani nikasimama kifua mbele: viwanja vile ni vyangu. Hakimu akaniuliza, mama mkwe wako ameitwa kwenye shauri hili? Hapana. Akasema hawezi kugawa kiwanja cha mtu ambaye hakusikilizwa. Vikaachwa nje. Tukagawana nyumba, trekta dogo na mashine ya kukoboa iliyokuwa mbovu. Mashine nikapewa mimi.

Nimejifunza kwa bei kubwa. Mali ikiwa kwa mtu wa tatu, mtu huyo lazima aingie kwenye kesi, aulizwe hela aliitoa wapi. Mama mkwe alikuwa anauza vitumbua. Angeulizwa swali moja tu la mtaji, pangechimbika.

WakiliChipukizi

Habari zenu. Ni wakili, niko Mbeya mjini. Ninachoandika ni elimu ya jumla tu, dada atafute wakili au msaidizi wa kisheria aone nyaraka zake.

Aliyosema wa Ubaruku ni sahihi kabisa na ndiyo yanayohusu Fuso. Shemeji aunganishwe kwenye shauri. Kisha tarehe ndiyo itakayosema. Kumbukumbu za usajili wa gari TRA zinaonyesha umiliki ulihama lini. Kama umehama baada ya ugomvi kuanza, na shemeji hawezi kuonyesha alilipaje, mahakama ina uwezo wa kutengua uhamisho uliofanywa kwa nia ya kumnyima mwenzi haki yake. Kuna uwezo pia wa kuzuia uhamisho ambao bado haujafanyika, na huo kwako ndio wa haraka, maana una vipande viwili ambavyo bado vimesimama.

Ila kuna mtego wa muda. Huwezi kufungua maombi ya talaka kabla ya kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yenu, likashindwa kuwapatanisha na kukupa hati ya kushindwa. Wenye nia mbaya wanautumia muda huo kuuza. Anaitwa baraza, anaomba wiki mbili, anaumwa, ana msiba Songea, na wewe unangoja huku mashine inalia shambani. Kwa hiyo jua mambo mawili. Akiitwa akakataa kwa makusudi kufika, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi kufanyika, kwa hiyo hakikisha kila wito umeandikwa na kupokelewa. Na kwa nyumba yenye hati huhitaji kungoja mtu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwenzi kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinakupa maslahi unayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Nenda leo. Anayefanya upekuzi ili anunue atalikuta, na Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mnunuzi aulize kama mwenzi ameridhia.

MkeWaMufindi

Mashamba hayana hati wakili. Ni ya kijiji, karatasi za mauziano tu.

WakiliChipukizi

Basi andika barua kwa serikali ya kijiji kupitia mtendaji: wewe ni mke halali, mashamba fulani ni mali ya ndoa, kuna mgogoro, hukuridhia yauzwe wala kuvunwa. Kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Si amri ya mahakama, haimfungi mtu mikono, lakini baada ya hapo mtendaji atasita kushuhudia mauziano, na mnunuzi hawezi kuja kusema hakujua.

MzeeKarani

Naongeza: zuio la muda unaweza kuliomba hata mahakama ya mwanzo, Amri ya 37 inaruhusu pale ambapo mali iko hatarini kuharibiwa.

WakiliChipukizi

Mzee wangu, kwa heshima, hapo nakusahihisha. Amri ya 37 iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, na sheria ile haitumiki mahakama ya mwanzo. Kwa Amri ya 37 aende mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Mahakama zote nne, kuanzia ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, zina mamlaka ya kusikiliza talaka, lakini kwa kesi yenye mtu wa tatu, gari na miti inayoendelea kuangushwa, mimi ningeanzia wilayani. Akipewa zuio ajue halizidi miezi sita kwa mara moja, na likiongezwa jumla yake haipiti mwaka. Watu wanalala wakidhani zuio ni la milele.

MzeeKarani

Nimekubali. Ndaga fijo. Uzee na migomba.

KijanaWaSoweto

Dada mtaalamu wa simu ninaye hapa Kabwe, anafungua simu ya mumeo unaona miamala yote ya M-Pesa na meseji za mtu wa Makambako. Elfu thelathini tu.

WakiliChipukizi

Usithubutu. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Utakwenda kama mdai utoke kama mshtakiwa. Taarifa za benki na za simu zinaombwa kwa amri ya mahakama. Kazi yako ni kujua benki ipi, tawi lipi, namba ipi ya simu, SACCOS ipi. Hayo mke wa miaka kumi na tano anayajua bila kumlipa mtu wa Kabwe.

MwanaumeKamili

Sasa kama mwanaume alikuwa na deni? Labda anauza miti kulipa deni, mnamhukumu bure.

MzeeKarani

Kwa mara ya kwanza umeuliza la maana, nami nakuletea hadithi.

Deni la kweli lililokopwa kwa faida ya wote linahesabiwa, na mke atalibeba pia. Ndiyo sababu madeni ya uongo yanaota kama uyoga talaka ikikaribia. Ghafla mume anadaiwa na binamu, anadaiwa na rafiki wa jeshini, anadaiwa na marehemu.

Nakumbuka shauri moja, sitasema wapi. Mzee mmoja alileta karatasi kwamba shamba la kahawa alishaliuza kwa mpwa wake tangu 2013, kabla hata ya nyumba kujengwa, kwa hiyo si mali ya ndoa. Karatasi nzuri, imekunjwa-kunjwa, imepakwa uchafu, imezeeshwa kwa chai kwa jinsi nilivyoiona rangi yake. Mashahidi wawili wamesaini. Mke anatetemeka tu. Hakimu akaigeuza, akaisogeza dirishani, akauangalia tena muhuri. Akamuuliza mzee: huu muhuri uligongwa siku ileile? Ndiyo mheshimiwa, siku ileile, mwaka 2013, mbele yangu. Akamrudishia karatasi akamwambia amsomee kwa sauti maneno ya kwenye duara. Mzee akasoma: Halmashauri ya Wilaya, Mkoa wa Songwe.

Mahakama ilikaa kimya kidogo, kisha mtu wa benchi la nyuma akacheka. Mkoa wa Songwe umeanza 2016. Mwaka 2013 kule kote kulikuwa Mbeya.

Kuanzia hapo hakuna neno la yule mzee lililoaminika, hata yale ya kweli. Alikuwa na ng'ombe wanne aliorithi kwa baba yake, wa kwake kabisa, na nilimwona anavyohangaika kuwatetea.

BodaUyole

Mwe! Kwa chai ya rangi au ya maziwa?

BintiKyela

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Sikutaka kuandika lakini hilo la mashine ya kusaga halijajibiwa, na mimi ndiye jibu lake.

Mume wangu alikuwa mfujaji kweli. Mikeka ya kubeti mpira kila siku, pikipiki ikauzwa, friji ikauzwa. Nilikuwa na haki zote. Lakini nikasikiliza watu kama huyu kijana wa Soweto. Tuna kakao. Malipo ya msimu ule yalipitia AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, yakaingia kwenye akaunti yangu kwa sababu mwanachama ni mimi. Nikayatoa yote kwa wiki moja, nikampa dada yangu ayafiche, mahakamani nikaapa kwamba msimu ule mvua iliharibu, hatukuvuna kitu.

Mume hakuwa mjinga kama nilivyodhani. Alileta daftari la AMCOS, kilo zangu zimeandikwa, tarehe zimeandikwa, saini yangu iko pale. Hakimu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mama, hii saini ni ya nani?" Nikanyamaza. Nilikuwa na mashahidi watatu wa mikeka na pikipiki. Walisikilizwa, lakini nilijua kwamba nimeshaharibu. Kwenye hukumu ile hela ya kakao ikahesabiwa kuwa tayari iko mkononi mwangu, na maneno yangu mengine mengi yakaandikwa kuwa hayaaminiki. Dada yangu naye hela aliitumia. Tunasalimiana misibani tu.

Dada wa Mufindi, mashine iache ilipo.

KijanaWaSoweto

Aisee. Nafuta ushauri wangu. Nilikuwa naongea tu.

MzeeKarani

Pole mwanangu. Na asante, umenipunguzia kazi.

Mashine itaje mwenyewe, kwenye karatasi zako mwenyewe, mstari wa kwanza. Sema ulinunua lini, kwa hela ya kikoba kipi, katibu wa kikoba aje na daftari. Inaweza kugawanywa, ndiyo, imenunuliwa ndani ya ndoa. Lakini hakimu akiona mtu ameleta hata mali iliyo kwa jina lake bila kuulizwa, anamsikiliza kwa sikio jingine anaposema mwenzake anaficha.

MwanaumeKamili

Mzee swali la mwisho, ni la rafiki yangu. Kama hawajafunga ndoa, wameishi tu, je?

MzeeKarani

Mwambie rafiki yako kwamba wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi, jamii ikawachukulia ni mke na mume, kuna dhana ya ndoa, kifungu cha 160. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa kifungu hichohicho kinamruhusu hakimu kutoa nafuu, mgawanyo wa mali ukiwemo. Mwambie pia asimamishe uuzaji.

BodaUyole

Rafiki yake hahaha.

MkeWaMufindi

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya sita tangu nianzishe uzi.

Baraza la kata limemwita mara tatu. Ya kwanza aliomba udhuru kwa simu, ya pili na ya tatu hakutokea, na nilihakikisha kila wito umeandikwa nani kaupokea. Hati ninayo. Kupitia wasaidizi wa kisheria nimepata wakili na maombi yamefunguliwa mahakama ya wilaya pamoja na ombi la zuio. Shemeji ameunganishwa. Zuio kwenye hati ya nyumba limeshasajiliwa.

Mwenye dingidongi nilimfuata mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Kumbe anakula kwangu, nilikuwa simtambui bila vumbi. Akaleta daftari, mbao 1,140 kutoka kipande cha juu, tarehe zote na jina la aliyemlipa. Akasema, "Mama mimi sikujua kama hamjakubaliana, alisema unaumwa anatafuta hela ya hospitali." Amekubali kuwa shahidi.

Tangu barua ifike kwa mtendaji, kipande cha pili na cha tatu havijaguswa. Natembelea kila Jumapili.

Mume alipopokea karatasi za mahakama akasoma orodha yangu ya mali, akafika kwenye mashine ya kusaga, akaniangalia. Alikuwa ameshaniandalia hoja hiyo, nafikiri. Hakusema kitu, akatoka.

Swali limebaki moja kwa wakili: miti iliyokwisha kuuzwa?

WakiliChipukizi

Hongera kwa hatua. Miti iliyouzwa hairudi shambani, lakini thamani yake tunaiomba ihesabiwe upande wake, kwamba hiyo ameshaila kwenye fungu lake, na hapo ndipo Bi Hawa anapoingia. Mwambie wakili wako atafute mtaalamu wa misitu aje na tepu, apime visiki kabla havijaoza na aandike taarifa: ilikuwa miti mingapi, ya umri gani, na ingekuwa na thamani gani kama ingeachwa ikomae. Hakimu anahitaji tarakimu, na atamkuta mumeo ameleta ya kwake ndogo.

DerevaWaNyanda

Dada habari za mchana. Shemeji ameandika kwamba Fuso imekufa injini na iko juu ya mawe tangu Januari, si ndiyo?

MkeWaMufindi

Ndiyo, kwenye kiapo chake. Kwa nini?

DerevaWaNyanda

Niko mizani ya Makambako, foleni ndefu. Iko magari matatu mbele yangu, imejaa viazi. Angalia inboksi, nimekutumia picha, namba inasomeka na saa inaonekana.